Pima Kiti Kwanza, Injini Baadaye

Kila gari lililotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu husafiri na karatasi ya kuruhusiwa kutoka nchini humo, na kwenye karatasi hiyo kuna namba mbili ambazo wanunuzi wengi hawazisomi. Moja ni uzito wa gari tupu. Nyingine ni uzito wa gari likiwa limejaa watu. Toa ya kwanza kwenye ya pili: kwa gari la siti tano utapata kilo 275. Gawanya kwa tano, utapata 55. Hizo ndizo kilo ambazo hesabu ya Japani inampa kila abiria, awe nani. Mimi nina kilo 118. Mume wangu ana 126 na urefu wa mita 1.88. Tukikaa wawili mbele tumeshatimiza abiria wanne wa karatasi ile na zaidi, na hapo mama yangu hajapanda wala kitambaa hakijapakiwa.

Nakitaja kitambaa kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko Sinza, na wateja wangu wengi ni wanawake wenye miili mikubwa ambao wanajua kwangu hawatachekwa. Kazi hii imenifundisha kwamba mwili una vipimo viwili, cha kusimama na cha kukaa. Ukikaa, nyonga zinatanuka, tumbo linasogea mbele na mapaja yanachukua upana ambao hayakuwa nao. Sketi iliyokatwa kwa kipimo cha kusimama peke yake itafumuka mshono kwenye kiti cha ukumbini. Gari nalo huvaliwa ukiwa umekaa, ndiyo maana tulipoanza kutafuta la kwetu niliingia kwenye mayadi na futi yangu shingoni, na ninamshauri kila mwenye mwili aingie nayo.

Mtu mnene anayetafuta gari Dar es Salaam huambiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mwili wake utamaliza mafuta. La pili, kwamba hana budi kununua gari kubwa. Yote mawili nimeyasikia kwa ndugu, kwa madereva na kwa wauzaji, na yote mawili si kweli. Lakini yamewafanya watu ninaowafahamu wajibane kwa miaka kwenye gari lisilowafaa, au wajikaze kulilisha gari la sisi (cc) 2,500 kwa mshahara usiolimudu.

Nianze na hilo la mafuta, kwa sababu lina hesabu yake. Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo hupima mambo haya kwa ajili ya wananchi wake, inasema kila paundi 100 zinazoongezeka garini, yaani kilo 45, zinapunguza mwendo wa mafuta kwa takriban asilimia moja. Kati yangu na dereva wa kilo 63 kuna tofauti ya kilo 55. Hiyo ni asilimia moja na kidogo. Kwenye tangi la lita 40, mwili wangu unaongeza kama nusu lita. Wizara hiyohiyo inasema kiyoyozi kwenye joto kali kinaweza kula zaidi ya robo ya ufanisi wa gari, hasa kwenye safari fupi, na kwamba injini inayonguruma gari likiwa limesimama inaunguza kati ya lita moja na karibu mbili kwa saa, kulingana na ukubwa wake na kama kiyoyozi kimewashwa. Sasa fikiria Januari, foleni ya Mwenge, vioo juu, AC namba tatu. Mafuta yanaishia hapo. Anayekuambia mwili wako ndio unaokomba tangi hajawahi kupiga hesabu.

Kwa hiyo ondoa aibu kichwani, tuje kwenye gari lenyewe.

Magari mengi tunayoyaita madogo yamekatwa na sheria kabla hayajakatwa na mchoraji. Japani ina daraja la magari ya abiria ambayo namba zake za usajili huanza na tarakimu 5, na ili gari liwe humo lazima urefu wake usizidi mita 4.7, upana usizidi 1.7, kimo kisizidi 2.0, na injini ya petroli isizidi sisi 2,000. Hadi mwaka 1989 gari lililovuka mipaka hiyo lilitozwa kodi ya mwaka kubwa zaidi sana. Kodi ilibadilishwa, lakini watengenezaji waliendelea kukata kwa kipimo kilekile kwa sababu barabara za mitaani kule ni nyembamba na wateja walishazoea. Chukua futi upime kuanzia ubavu hadi ubavu: IST ya kwanza, Premio, Allion, Axio, Fielder, Raum, Spacio, Sienta ya kwanza, zote zinagota milimita 1,690 au 1,695.

Lisome tena hilo, maana ndilo lililotuokolea fedha. Premio ina urefu wa mita 4.6. Raum ina mita nne na ushee tu. Upana wao ni sawa. Ukinunua Premio kwa kuamini kwamba mabega yako yatapumua kwa kuwa ni gari la kiheshima, umenunua buti refu na boneti refu. Mabega yako na ya jirani yako yatagusana palepale. Urefu wa gari hauongezi nafasi ya nyonga hata nukta moja.

Sheria ile ilibana ubavuni ikaacha wazi juu. Kimo kimeruhusiwa hadi mita mbili, na hapo ndipo wachoraji waliokuwa na akili walipojitanua. Premio ya mwaka 2001 hadi 2007 ina kimo cha mita 1.47. Raum iliyotoka mwaka 2003 ina 1.535, Sienta ya kwanza 1.67, Porte ya kwanza 1.72. Gari likiwa refu kwenda juu, kiti kinainuliwa. Kiti kikiinuka, mapaja yanashuka badala ya kunyooka mbele, magoti yanakunjika vizuri, mgongo unasimama, na tumbo linapata nafasi yake kati yako na usukani. Halafu kuna kuingia na kutoka. Kwenye gari la chini unajidondosha ndani na kutoka unajinyanyua kwa mikono. Kwenye gari la juu sana unapanda. Kiti kinachofaa ni kile ambacho kalio lako linakikuta lilipo: unageuka, unakaa, unaingiza miguu. Mama yangu ana goti lililochakaa, na kwake tofauti hii ndiyo inayoamua kama Jumapili atakwenda kanisani au atabaki nyumbani.

Ndiyo maana nitaisifia Raum ya pili, hiyo ya 2003, bila woga. Toyota waliichora wakiwafikiria wazee na watu wenye shida ya viungo. Upande wa kushoto hauna nguzo ya katikati. Nguzo imo ndani ya milango yenyewe. Mlango wa mbele unafunguka hadi pembe mraba, wa nyuma unateleza, na ukiifungua yote miwili unapata uwazi mmoja mpana ambao mtu yeyote anaingia bila kujikunja. Sisi na Wajapani tunaendesha kushoto, kwa hiyo uwazi huo unaangalia kando ya barabara, siyo kwenye bodaboda. Gia haiko sakafuni, imepandishwa kwenye shingo ya usukani, hivyo katikati ya viti viwili vya mbele hakuna sanduku la plastiki linalochimba paja. Injini ni sisi 1,500, ileile 1NZ iliyo kwenye IST, Sienta, Spacio ndogo, Fielder na Probox, kwa hiyo spea zake ukifika Gerezani hukosi, na hakuna fundi wa kona asiyeifahamu.

Porte ina mlango mmoja mkubwa wa umeme upande wa kushoto, mzuri kwa mtu mnene anayebebwa, lakini wa nyuma upande wa dereva hana mlango, na motor ya mlango ule ikifa unahitaji fundi umeme mwenye subira. Sienta inateleza pande zote mbili. Ractis ina kimo kizuri. IST, ambayo ndiyo imejaa mjini, ni gari jema na siti zake za mbele zinamtosha mtu mpana. Nyuma ndipo panapobana. Tiida ya Nissan ina nafasi ya miguu ya nyuma ambayo haitarajiwi kwa gari la ukubwa wake. Honda Fit imewekewa tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, ndiyo maana nyuma sakafu iko chini na pana ajabu; oili yake ya giaboksi ni maalum, na asiyetaka kuinunua asilinunue gari.

Sasa hao wanaokwambia ununue gari kubwa. Kwenye yadi moja barabara ya Bagamoyo kijana aliniona nikilikaribia gari dogo, akaniambia, "Mama, hilo litakubana, njoo huku nikuoneshe Mark X." Nikamwambia, "Mwanangu, hujafungua mlango. Fungua nikae." Nilikaa kwenye yote mawili. Mark X ni pana kwa nje, mita 1.775, lakini inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo katikati ya sakafu panapita handaki la shafti, na juu ya handaki hilo wameweka gia na kisanduku kipana. Ule upana wote wa ziada umeliwa hapo. Kiti kiko chini, kina mbavu zilizoinuka pembeni kumshika dereva kwenye kona, na mbavu hizo zilinikaba nyonga pande zote mbili. Injini ni ya silinda sita, sisi 2,500. Madereva wake wanataja kilomita saba au nane kwa lita mjini. Crown ni ndugu yake kwa tabia hiyo.

Harrier ni jambo jingine, nisiionee. Ina kimo, ina viti vipana, mume wangu alikaa na kichwa hakikugusa. Mwenye uwezo wa kulisha injini ya 2,400 na kulipia ushuru wake hajakosea kuichagua. Ila ieleweke kwamba anachokilipia ni starehe na sura. Nafasi ya kukaa anaweza kuipata kwa mafuta machache zaidi.

Upande wa pili wa kosa ni kwenda chini mno. Passo ya sisi 1,000 ina silinda tatu, na kwa mtu mmoja au wawili wa Masaki hadi Posta inanusa mafuta kweli. Wapakie watu wazima wanne wenye miili, washa AC, kisha uelekee mlima Kitonga. Mguu utakuwa sakafuni, injini inalia, gia inashuka na kupanda, na mafuta yanakwenda kama ya gari la ukubwa wa juu. Injini inayofanya kazi kwa nguvu zake zote haibani matumizi. Kwa familia yenye miili kama yetu, sisi 1,500 ndicho kipimo ninachokitetea: haichoki, na haili kupita kiasi. Raum tuliyoishia kuinunua inatupa kilomita 12 kwa lita mjini na AC ikiwaka, na 15 tukielekea Morogoro kwa mwendo wa utulivu.

Namba hizo nimezipima mwenyewe, na njia yake ni rahisi. Jaza hadi mpira wa pampu ukate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tumia gari kama kawaida yako, rudi sheli ileile ujaze tena hadi ukate, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye tangazo la gari la Japani. Magari ya miaka ya 2000 yalipimwa kwa utaratibu wao wa maabara unaoitwa 10-15, na baadaye JC08: gari liko juu ya mashine inayozungusha tairi, kiyoyozi kimezimwa, na uzito unaohesabiwa ni gari tupu na kilo 110, yaani watu wawili wa zile 55. Nikiingia mimi peke yangu nimeshauvuka. Namba hiyo inafaa kulinganisha gari na gari, haifai kupangia bajeti ya mwezi.

Nimefika kwenye jambo ambalo linaniuma kuliko mafuta, nalo ni mkanda.

Watu wengi wanene wanaendesha bila mkanda. Wengine wanaupitisha mgongoni. Wengine wamenunua kile kipande cha chuma cha kuchomeka ili kengele inyamaze. Wakikuambia ukweli, sababu ni moja: mkanda haufiki, au unafika kwa kujinyonga, na wanaona aibu kuuvuta mbele ya watu. Sheria ya Marekani inataka mkanda umtoshe angalau mwanaume wa kilo 97 na nusu. Juu ya hapo ni hiari ya mtengenezaji, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani peke yake hayakuwa na sababu ya kuwafikiria watu wa kilo 130. Kwa hiyo mkanda unapimwa yadini, kabla ya kuzungumza bei. Vuta wote hadi ugote uone urefu uliobaki. Kaa, funga, usikie mlio wa kushika. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga. Kikipita juu ya tumbo, siku ya ajali kitakata nyama laini za ndani badala ya kushika mfupa. Kipande cha juu kipite katikati ya bega na kifuani. Kisha angalia kile kifungio: kwenye magari mengine kimezama kati ya kiti na kisanduku cha katikati, na paja la mtu mpana linakifunika kabisa, unatafuta kwa kupapasa. Gari ambalo unahitaji msaada wa mtu kufunga mkanda, liache, hata kama injini yake inanusa mafuta namna gani.

Kuna vipande vya kurefushia mkanda. Usinunue cha mtaani kisichojulikana kilikotoka. Kifungio kisichooana na cha gari lako kinaweza kuachia au kuichanganya mitambo ya mfuko wa hewa. Kama mtengenezaji wa gari lako anacho cha modeli hiyo, hicho ndicho cha kuagiza.

Jirani ya mkanda ni usukani. Idara ya usalama barabarani ya Marekani inashauri sentimita 25 kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani, kwa sababu mfuko wa hewa unafumuka kwa nguvu ya kuvunja mbavu ukiwa karibu mno. Futi yangu ya cherehani ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na hapa ndipo ilipofanya kazi kubwa kuliko popote. Sukuma kiti nyuma hadi kigote. Kanyaga breki hadi chini. Goti likinyooka kabisa, umerudi mno. Pima kifua. Magari mengi madogo ya Japani usukani wake unapanda na kushuka tu, hausogei mbele na nyuma, kwa hiyo nafasi ya tumbo lazima itoke kwenye kiti. Usiitafute kwa kulaza mgongo wa kiti. Ukilala, mkanda unakuacha kifuani na siku ya kishindo utateleza chini yake. Mume wangu alikaa kwenye Vitz akapata sentimita 17. Tukamshukuru muuzaji tukaondoka.

Na mkae wote. Usipime peke yako gari la familia. Sisi tulimchukua mama na wifi yangu, tukapanda wanne, tukafunga milango, tukakaa dakika kadhaa bila kuzungumza habari ya bei. Ndani ya muda huo mwili unakuambia: kiwiko kinachogombana na mlango, goti linalogusa dashibodi, kichwa kinachoinama. Wifi aliketi nyuma ya kaka yake, na kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa hadi mwisho. Kwenye Axio magoti yake yalibanwa kabisa. Kwenye Raum alibaki na nafasi ya kiganja.

Nirudi sasa kwenye zile kilo 275, kwa sababu zinagusa uhai wa gari. Watu wanne wa kilo 110 ni 440. Gari la siti tano lililohesabiwa 275 litawabeba, kila siku linawabeba, lakini springi zitalala, shokomzoba zitavuja mapema, tairi za nyuma zitagusa madigadi kwenye kila tuta, na breki zitachelewa. Hapa nina ushauri ambao muuzaji hakunipa: soma idadi ya siti kama kipimo cha nguvu ya gari. Sienta ina siti saba, na saba mara 55 ni kilo 385, kwa injini ileile ya 1,500. Wish ina saba vilevile. Noah ya siti nane inafika 440, ila injini yake ni 2,000. Ukizikunja siti za nyuma kabisa umebaki na gari la watu wanne au watano wenye miili yao kamili, lililotengenezwa kubeba uzito huo. Kwa familia ya watu wazima wanne wanene inayojali mafuta, Sienta ndiyo chaguo langu la kwanza mbele hata ya Raum. Sisi tulichukua Raum kwa sababu ya goti la mama na ule mlango. Probox nayo ni ngumu, toleo lake la mizigo linabeba kilo 250 juu ya watu watano, na Kenya wanaipakia miraa ya Meru kwa mwendo wa kutisha. Lakini kiti chake cha nyuma kimesimama wima na ni chembamba, kimewekwa kwa ajili ya safari fupi.

Ukishanunua, fungua mlango wa dereva uangalie karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye nguzo. Imeandikwa upepo wa tairi za mbele na za nyuma. Wajaza upepo wetu huweka 30 kwa kila gari bila kuuliza; wewe waambie namba yako, na mkiwa mmejaa mjaze kile kiwango cha juu kilichoandikwa hapo. Tairi iliyopungua upepo inaongeza matumizi kidogo, lakini ikibebeshwa uzito kwenye lami ya saa nane mchana inapata joto na kupasuka, na hilo ndilo la kuogopa. Shokomzoba za nyuma badilisha zote mbili kwa pamoja, mpya, siyo za kutoka Japani zilizotumika.

Haibridi zinaulizwa sana siku hizi, na swali ni la haki, kwa kuwa kwenye foleni injini yake huzima na umeme huchukua kazi. Aqua inabana mafuta kuliko karibu kila kitu kilichotajwa hapa, lakini ni ya chini na nyuma pamebana. Prius ya kawaida ina paa linaloteremka nyuma, mtu mrefu anainama. Iliyonikaa vizuri ni Prius Alpha: upana mita 1.775 bila handaki la shafti la kuula, kimo kinachotosha, injini ya 1,800. Ina bei. Betri kubwa ya haibridi hizi inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu ambalo kwa kawaida liko kando ya kiti cha nyuma, au chini yake kwenye Aqua. Tundu hilo lisizibwe na mkoba, shuka wala robota la vitenge, na kichujio chake kisafishwe, la sivyo betri inachemka na kufa kabla ya wakati. Kama mji wako hauna fundi mwenye kompyuta ya kuisoma betri hiyo, subiri.

Ya ushuru nitayapita haraka. Hapa Tanzania injini ikizidi sisi 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda, na gari lililozidi miaka minane linaongezewa tozo ya uchakavu. Mamlaka ya Mapato, TRA, wana kikokotoo chao mtandaoni, weka modeli na mwaka upate namba kabla ya kutuma hela Japani. Kenya gari la zaidi ya miaka minane haliingii kabisa. Na ukikutana na Premio, Wish au Noah ya sisi 2,000 iliyoandikwa D4, muulize fundi wako kwanza kama anaujua mfumo huo wa kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Wengi wanaukwepa, na ufanisi wake unapotea siku pampu yake ya mafuta inapoanza kusumbua.

Nyumbani kwetu ubishi haujaisha. Mume wangu anataka gari la pili, na moyo wake uko kwenye Rumion, ambayo ilitoka mwaka 2007 na kuvuka ule mpaka wa Wajapani hadi upana wa mita 1.76, huku ikipatikana na injini ya 1,500. Mabega yake anayajua, simlaumu. Mimi nasema tuchukue Sienta, kwa sababu wifi anahamia kwetu na atakuwa anapanda kila siku. Tumekubaliana utaratibu: kwa kila gari tunalolipenda mtandaoni tunamwandikia muuzaji atutumie picha ya karatasi ya uzito, picha ya kiti cha dereva kikiwa kimesukumwa hadi mwisho na futi ikiwa imenyooshwa kutoka mgongo wa kiti hadi katikati ya usukani, na picha ya mkanda ukiwa umevutwa wote nje. Wawili hawakujibu. Wa tatu ametuma zote, na futi inasoma sentimita 71. Kwenye Raum yetu ni 66. Jioni hii namkalisha mume wangu kwenye kiti cha kulia chakula, mgongo ukutani, nimpime kutoka mgongoni hadi mfupa wa kifua, kisha nijumlishe 25.